Mtoto Mzito na Milango ya Fahamu: Somo kwa Waalimu na Wazazi

DIBAJI

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hili ni somo fupi juu ya jambo ambalo kila mwalimu hukutana nalo, na wachache hulitazama sana. Watoto huketi juu ya jamvi moja, mbele ya mwalimu mmoja, wakasikia somo moja, wala hawaondoki na kitu kimoja. Wa kwanza hushika mara moja. Wa pili hushika mara ya tano. Wa tatu huonekana hakushika kabisa, naye ndiye anayepewa jina.

Na uchukuliwe mfano, nao ni mfano tu, asidhaniwe mtu yeyote. Katika Samuye, kata ya Wilaya ya Shinyanga, kuna mtoto wa miaka tisa. Asubuhi huenda shule, alasiri huenda chuoni, na baina ya hayo mawili kuna ng'ombe wa kuchunga, maji ya kuteka, na wakati wa mvua kuna majaruba ya mpunga. Nyumbani kwao husemwa Kisukuma. Shuleni husomeshwa kwa Kiswahili. Chuoni hukuta herufi za Kiarabu. Mwaka wa pili umepita, na yeye yungali katika herufi zile zile. Baba yake akaenda kwa mwalimu.

— Asalaam alaykum, Maalim.

— Waalaykum salaam, baba. Karibu kitako.

— Nimekuja kwa habari ya kijana. Wenzake wamo katika Juzuu Amma, naye bado.

— Ni mzito, baba. Kila mtu na riziki yake. Huyu riziki yake ni ng'ombe.

Baba akashukuru, akaenda zake. Kesho yake mtoto hakuonekana chuoni, na baada ya mwezi hakuonekana shuleni. Jioni ile ile aliyoachishwa, ng'ombe walipoingia zizini, mtoto alisimama mlangoni, akatazama, akasema kuwa amekosekana ndama mmoja, akamtaja kwa rangi yake na kwa pembe yake. Hakuhesabu kwa vidole. Watu wazima waliokuwapo walikuwa hawajaona kuwa pana upungufu.

Hapa pana suala ambalo somo hili lataka kulijibu. Je, mtoto awezaye kuhifadhi sura na rangi za ng'ombe arobaini ashindwe kuhifadhi herufi ishirini na nane? Na kama hakushindwa na akili, ameshindwa na nini?

FASILI YA KWANZA: NGUVU YA JINA

Mwalimu amwitapo mtoto mzito, hudhani ametaja habari iliyokwisha kuwapo. Kumbe mara nyingi ameianzisha. Tangu siku ile hamuulizi tena, kwa kuwa anajua hatajibu. Mtoto asiyeulizwa hajibu, asiyejibu hajizoezi, na asiyejizoeza hajui. Mwisho wa mwaka mwalimu husema, Si nilisema? Naye aliyoyasema ndiyo aliyoyafanya.

Wenzake nao hulishika jina lile, wakamwita kwalo njiani. Mzazi akilisikia hulipeleka katika hesabu ya nyumba: kwa nini kupoteza kijana wa kuchunga, ikiwa mwalimu mwenyewe amekwisha hukumu? Hivyo neno moja la mwalimu huweza kukata miaka mingi ya umri wa mtu. Katika Shinyanga, na katika vijiji vya machimbo ya dhahabu vya Geita, ambako kazi ya mkono ya mtoto hutakiwa mapema, neno hilo hupata masikio upesi kuliko mahali pengine.

FASILI YA PILI: JINA LAINI LA ZAMA HIZI

Baadhi ya waalimu wa zama hizi wameliacha jina la mzito, na hilo ni jema. Lakini mahali pake wameleta majina mengine. Husema watoto ni wa aina mbalimbali: huyu ni wa macho, hujifunza kwa kuona, huyu ni wa masikio, hujifunza kwa kusikia, huyu ni wa mikono, hujifunza kwa kutenda. Kisha husema kwamba kila mmoja asomeshwe kwa mlango wake, naye atafaulu.

Rai hii ilienea sana duniani katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini. Neil Fleming wa New Zealand, aliyekuwa mkaguzi wa shule, alitoa mwaka 1992 mpango wake wa njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Kabla yake, mwaka 1983, Howard Gardner wa Marekani alikuwa ameandika kwamba akili si moja bali ni nyingi. Watu wakazichanganya rai hizi mbili, ingawa Gardner mwenyewe alisema kuwa si kitu kimoja. Mwaka 2004 wataalamu wa Uingereza, Frank Coffield na wenziwe, walihesabu mipango ya namna hii wakaikuta 71. Ikiwa watu wamegawa watoto kwa njia 71 zisizopatana, yafaa mwenye akili asite kabla ya kuchagua mmojawapo.

Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walitaka kujua kama rai hii ina ushahidi. Waliweka sharti la haki. Watoto wagawanywe kwanza kwa aina zao, wa macho na wa masikio. Kisha kwa kura, nusu ya kila kundi isomeshwe kwa kuona, na nusu kwa kusikia. Kisha wote wapewe mtihani mmoja. Rai ikiwa ya kweli, watoto wa macho watashinda waliposomeshwa kwa macho, na watoto wa masikio watashinda waliposomeshwa kwa masikio. Wakapekua maandishi mengi. Kazi zilizotimiza sharti hili zilikuwa chache mno, na baadhi ya hizo zilitoa jawabu kinyume cha rai yenyewe. Wakahukumu kuwa hapana ushahidi wa kutosha wa kugawa watoto namna hiyo katika shule.

Wala maana ya maneno haya si kwamba watoto wote ni sawa. Kila mtu ana apendalo. Mmoja hupenda picha, mwingine hupenda hadithi. Lakini kupenda njia si sawa na kufaulu kwa njia hiyo. Tena somo lenyewe huchagua mlango wake. Ramani haifundishwi kwa masikio, hata kwa mtoto apendaye kusikia. Matamshi hayafundishwi kwa macho peke yake, hata kwa mtoto apendaye kuona. Na jina la kuwa mtoto fulani ni wa mikono, ingawa ni laini, hufanya kazi ile ile ya jina la zamani: mtoto huambiwa kuwa kitabu si chake.

FASILI YA TATU: TOFAUTI ZILIZO ZA KWELI

Ikiwa watoto hawagawanyiki kwa macho na masikio na mikono, wanatofautiana kwa nini? Tofauti zilizo za kweli ni nyingi, na zilizo kubwa ni tano.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto wa Samuye aingiapo darasa la kwanza hupewa mizigo miwili kwa wakati mmoja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ya kusomea. Mwenziwe wa mjini aliyekulia katika Kiswahili amebeba mmoja tu. Na katika Kisukuma sauti ya r haina mahali pake kama ilivyo katika Kiswahili, kwa hiyo mtoto huweka l. Mwalimu akisema mahari, mtoto huandika mahali. Mwalimu huandika kosa, naye mtoto ameandika sawasawa lile alilolisikia. Lililopungua kwake ni sauti ambayo hakuna aliyemwonyesha jinsi itokavyo.

Ya pili ni mahali mtoto alipofika. Mwalimu husomesha ukurasa wa kumi kwa sababu mwezi umefika wa ukurasa wa kumi, na hali mtoto yuko ukurasa wa pili. Katika magharibi ya Kenya jambo hili lilipimwa kwa uangalifu. Shule za msingi zilizohesabiwa 121, kila moja ikiwa na darasa la kwanza moja tu, zilipewa mwalimu wa ziada mwaka 2005, hata darasa likawa mawili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa kura. Katika shule 61 waligawanywa kwa kiwango walichokuwa nacho. Baada ya miezi 18 watoto wa shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa mbele, nao ni wenye nguvu na walio dhaifu pamoja. Waliotangaza habari hii mwaka 2011, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walieleza kuwa mwalimu wa kundi dhaifu aliweza kuliteremsha somo hata likawafikia watoto.

Katika nchi hiyo hiyo shule nyingine zilipewa vitabu, ikitumainiwa kuwa watoto wote watapanda. Hawakupanda wote. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu awali, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Habari hii ilichapishwa mwaka 2009. Kitabu kizuri kilichowekwa juu ya kimo cha mtoto ni kama embe juu ya mti: huliona, lakini halimshibishi.

Ya tatu ni macho na masikio yenyewe, yaani uzima wake. Mtoto aketiye nyuma, akakunja uso, akanakili kwa jirani, pengine haoni ubao. Mtoto asiyeitika mara ya kwanza pengine sikio lake limeugua. Mjini Shinyanga iko Shule ya Msingi Buhangija, ambamo husomeshwa watoto wasioona, watoto wasiosikia na watoto wenye ualbino. Wengi wa hawa wenye ualbino walipelekwa huko kwa kuhifadhiwa roho zao, baada ya mauaji yaliyozuka katika nchi za Ziwa tangu mwaka 2007 hivi. Mtoto mwenye ualbino huwa na macho dhaifu. Mwanga mkali humuumiza, na maandishi ya mbali humpotea. Akiketishwa mbele, kivulini, akapewa maandishi makubwa, husoma. Asiyeona husoma kwa vidole juu ya nukta nundu. Asiyesikia husoma kwa lugha ya alama. Hapa ndipo kauli ya kwamba kila mtoto ana mlango wake ilipo kweli tupu, kwa kuwa mlango mmoja umefungwa kwa maradhi au kwa maumbile. Ajabu ni kuwa mwalimu hutafuta aina za kubuni, na hali hajawauliza watoto wake kama wanaona ubao.

Ya nne ni siku zilizopotea. Mvua zikinyesha, mtoto yuko shambani. Zamu ya kuchunga ikifika, yuko malishoni. Baba yake akiwa mchimbaji mdogo, nyumba yote huhama kufuata dhahabu, na mtoto huanza upya mbele ya mwalimu mwingine. Somo ni kama msingi wa nyumba ya matofali: tofali lililokosekana chini halionekani, ila ukuta wa juu hupasuka. Tena yuko mtoto ajaye na njaa, na njaa huyafanya masikio yawe ya tumbo.

Ya tano ni woga. Mtoto aliyepigwa kwa kukosea hujifunza jambo moja kwa ukamilifu, nalo ni kunyamaza. Naye anyamazaye hafichui alipokosea, na kosa lisilofichuliwa haliponi.

Msomaji na ayatazame haya matano kwa mara ya pili. Hapana hata moja katika hayo lililo tabia ya kudumu ya mtoto. Lugha hufundishwa, kiwango hupanda, kiti husogezwa mbele, siku zilizopotea hulipwa, na woga huondoka kwa upole. Hata yule ambaye macho yake hayatapona hupewa njia nyingine ya kusoma. Hii ndiyo tofauti baina ya kumjua mtoto na kumpa jina. Kiwango ni habari ya leo, naye kesho atakiacha nyuma. Jina humfuata.

FASILI YA NNE: WALIYOYAONA WANAVYUONI WA KALE

Jambo hili si geni katika elimu ya Kiislamu. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kutaja wajibu wa mwalimu ameweka hili: asimpe mwanafunzi lililo juu ya fahamu yake. Tena ameusia kuwa mwalimu amkanye mwanafunzi kwa kumdokeza na kwa huruma, si kwa kumfedhehi mbele ya watu.

Burhanuddin Az-Zarnuji, aliyeandika kitabu chake cha adabu za wenye kujifunza katika zama za karne ya 13, alishuka hata katika vipimo. Somo la mwenye kuanza liwe kiasi anachoweza kukishika kwa kukirudia mara mbili, kisha liongezwe kidogo kidogo. Na katika kudurusu, somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la kabla yake mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Kwa hiyo kipimo cha somo ni mwanafunzi mwenyewe, wala si idadi ya kurasa. Wataalamu wa leo wamefika mahali pa karibu na hapo kwa njia ya majaribio. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kuwa mtu aliyesoma kisha akajaribu kukumbuka bila kitabu hukumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko aliyesoma tu mara kwa mara.

Ibn Khaldun, aliyeimaliza Mukadima yake mwaka 1377, aliusia kuwa elimu itolewe kwa daraja: kwanza kwa jumla, kisha kwa maelezo, kisha kwa kuyafungua mafumbo yake. Akataja kuwa baadhi ya watu hupata katika mara chache kuliko hizo, kwa kadiri walivyojaaliwa. Akasema pia kuwa ukali juu ya watoto huwazoeza uvivu na uongo. Akaeleza jinsi nchi za Waislamu zilivyohitilafiana: watu wa Maghribi waliwafunza watoto Kurani peke yake, na watu wa Andalusi wakachanganya nayo mashairi, lugha na khati. Katika zama hizo basi ilijulikana kuwa njia ya kusomesha ni kazi ya mwanadamu, na kazi ya mwanadamu huweza kutengenezwa.

FASILI YA TANO: SOMO MOJA KWA MILANGO YOTE

Waswahili huziita hisi za mwanadamu milango ya fahamu. Nyumba yenye milango mitano haiingiwi kwa mmoja tu. Mwalimu hana haja ya kuwagawa watoto. Alifungue somo lenyewe kwa milango yote, na kila mtoto apite katika yote. Hili lawezekana hata katika darasa kubwa. Tangu michango ya shule ilipoondolewa mwaka 2016 watoto waliongezeka sana, na mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kusomesha masomo manne mbalimbali. Awezalo ni kusomesha moja kwa njia nne.

Chuo cha Kurani kilikuwa na jambo hili tangu zamani, ingawa si kila mwalimu aliyejua kuwa analo. Mtoto husikia kwa mwalimu, hufuata kwa ulimi wake, hutazama herufi, huiandika juu ya ubao kwa mkono wake, kisha kesho huisoma bila kutazama. Tena kila mtoto huwa na mahali pake katika juzuu, hasukumwi na umri wala na mwezi, na mkubwa humsaidia mdogo. Upungufu wa vyuo vingi ulikuwa mahali pengine: katika fimbo, na katika kusoma bila kufahamu maana. Mwalimu wa leo na achukue lililo jema, aache lililo baya.

Mfano wa kusomesha herufi ya ra kwa watoto wa Kisukuma ni huu.

Kwanza, masikio. Mwalimu atamke maneno mawili mawili: mahari na mahali, kura na kula. Asiwatake watoto waseme bado. Wainue mkono wa kulia wakisikia r, na wa kushoto wakisikia l. Asiyesikia tofauti ataonekana hapo hapo, bila ya kufedheheka.

Pili, ulimi. Awaonyeshe kuwa katika lam ncha ya ulimi hugota juu, nyuma ya meno, ikatulia, na sauti ikapita pembeni. Katika ra ncha hugonga upesi, ikatetemeka. Kila mtoto aweke kiganja mbele ya kinywa ajaribu. Watacheka; na wacheke.

Tatu, macho. Aandike herufi mbili kubwa. Lam imesimama wima kama fimbo ya mchungaji iliyopindwa chini. Ra ni fupi, imejikunja ikashuka chini ya mstari kama pembe ya ng'ombe.

Nne, mkono. Waziandike kwa kidole mchangani, kisha juu ya ubao, huku wakizitamka.

Tano, kukumbuka. Kesho yake, kabla ya somo jipya, ubao ukiwa mtupu, awaulize. Na kesho kutwa tena. Mlango huu ndio unaosahauliwa na wengi, nao ndio unaolifunga somo lisitoroke.

Katika hesabu kadhalika. Watoto wa Usukumani huujua mchezo wa isolo, ulio aina ya bao. Mwalimu atakaye kufundisha tatu mara nne na achukue kete, aweke tatu tatu katika mashimo manne, watoto wazihesabu; kisha waandike kwa tarakimu; kisha waseme bila kete. Kete si za watoto wa mikono peke yao. Ni za wote mwanzoni, na wote watatakiwa waziache mwishoni.

WASIA KWA WAZAZI NA WAALIMU

Ewe mwalimu, kabla ya kumhukumu mtoto, muulize mambo matano: Je, anaifahamu lugha hii? Amefika wapi hasa? Anaona na kusikia? Siku ngapi amekosa, na amekula nini? Ananiogopa? Ukiyapatia majibu haya, huenda neno mzito lisikujie tena ulimini.

Ewe mzazi, ukiambiwa kuwa mwanao ni mzito, usiondoke hapo hapo. Uliza: Ni mzito katika jambo gani? Alikosea wapi? Amejaribiwa kwa njia ngapi? Wala kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Amana ni yenu wawili. Na zamu ya ng'ombe ikiwezekana igawanywe nyumbani, asikose mtoto mmoja daima siku zile zile.

Ama yule mtoto wa mfano, habari yake imeachwa mlangoni pa zizi. Alikuwa ametazama ng'ombe wale kila siku, asubuhi na jioni. Aliwagusa. Alisikia babaye akiwaita kwa rangi zao, naye akawaita. Alipokosea, aliambiwa papo hapo yule ni nani, na hakupigwa. Kesho yake aliulizwa tena. Hivyo ndivyo alivyosomeshwa ng'ombe arobaini, kwa macho, kwa mkono, kwa sikio, kwa ulimi na kwa kukumbuka, katika lugha aifahamuyo. Herufi alisomeshwa kwa mlango mmoja, katika lugha ngeni, kwa siku za kurukaruka. Baba anaweza kumrudisha chuoni kesho alasiri. Lililobaki ni mwalimu amsomeshe herufi kama baba alivyomsomesha ng'ombe.

MASUALI YA KUDURUSU

Suala: Je, watoto wanatofautiana katika kujifunza?
Jawabu: Naam. Hutofautiana katika lugha, katika mahali walipofika, katika uzima wa macho na masikio, katika siku walizokosa, na katika woga au utulivu wa moyo.

Suala: Je, yafaa kuwagawa kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono?
Jawabu: Haifai. Wataalamu walipoipima rai hiyo mwaka 2008 hawakuona ushahidi wa kutosha. Ila mtoto asiyeona au asiyesikia hana budi kupewa njia imfaayo.

Suala: Kumweka mtoto katika kundi la kiwango chake si kumpa jina?
Jawabu: Si hivyo, maadamu hupimwa mara kwa mara na kuhamishwa anapopanda. Akisahauliwa humo, limekuwa jina.

Suala: Mwalimu mwenye watoto wengi afanyeje?
Jawabu: Asomeshe somo moja kwa milango yote: wasikie, watamke, waone, waandike, kisha kesho wakumbuke bila kitabu.

Suala: Kipimo cha somo ni nini?
Jawabu: Ni kile mwanafunzi awezacho kukishika, kisha huongezwa kidogo kidogo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.